Fundi Alivyopanda Mlima Kinyumenyume

Siku ya kumzika fundi giaboksi, gari la maiti liligoma katikati ya mlima wa makaburini. Dereva alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halikusogea hata shubiri.

"Petroli imeisha," alisema kaka wa marehemu, ambaye hakuwa na gari ila alikuwa na maoni.

Mjane alishuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi na kukinusa. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka moshi.

"Klachi za ndani zimeungua," alisema. "Nani aliifungua giaboksi hii mara ya mwisho?"

Dereva aliinamisha kichwa. "Marehemu, mama."

Mjane alilitazama jeneza, akaguna. "Nilimkanya na vipuri vyake vya kuokoteza. Haya, jaribu rivasi."

Rivasi ilikubali. Wakasaidiana kuligeuza gari, na fundi akapanda mlima kinyumenyume, waombolezaji nyuma yake wakijiziba midomo kwa leso. Mjane hakujiziba. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukatika tena. Shemeji yake akamshika mkono, safari hii bila maoni, wakapanda pamoja.