Picha ya Heshima

Kitindamimba wetu hakuwahi kupigwa picha hata moja ya maana, na sisi ndio wenye studio. Mfinyanzi hulia gaeni, si uongo.

Lawama ni za marehemu baba. Kitinda, ndivyo tulivyomwita, alipoanza tu kutembea vizuri, baba alimpa kazi ya kusimama nyuma ya kamera na kuwachekesha watoto wa wateja. Mtoto akiletwa amenuna, Kitinda anakutanisha macho puani, anajaza mashavu upepo, anatoa ulimi, na mtoto anacheka mpaka mapengo yote yanaonekana. Aliifanya kazi hiyo hadi ndevu zikamwota. Tatizo ni kwamba hakujua namna nyingine ya kukaa na kamera. Ukimweka mbele yake, anafanya yaleyale ya nyuma. Picha za harusi yangu kaziharibu yeye, zote, na mume wangu mpaka leo anaziona ndizo nzuri kuliko zote. Mimi sizioni hivyo.

Kisha vita vikazuka mpakani, akaitwa, akaenda. Kikosi chake kilivuka mto na hakikurudi. Kamanda alikuja nyumbani, kofia mkononi, akasema maneno mazuri kweli. Lakini mama alipomuuliza, "Mwanangu mmemzika wapi?" yule bwana akatazama sakafu.

Tangu hapo, tukienda kupalilia kaburi la baba, mama akimaliza haondoki. Anazungukazunguka makaburini na jembe lake, kama mtu aliyesahau alichofuata. Siku moja nilimwambia twende zetu, jua kali.

"Nataka mahali pa kwenda tu," akanijibu. "Hata kama mwenyewe hayupo. Mahali."

Iliniuma, na mimi kikiniuma kitu huwa nakasirika, kwa hiyo nilinuna njia nzima.

Basi ilipotangazwa kwamba ukumbi wa mji utatundika picha za askari ambao hawakupatikana, mama alikuwa ameshavaa viatu kabla tangazo halijaisha. Afisa wa ukumbi, mtu mpole mwenye kola iliyopigwa pasi ikakubali, alitupa sharti moja. Picha iwe ya heshima: macho mbele, mdomo umefungwa.

Tuliipekua studio juu chini. Kitinda na ulimi, Kitinda na mashavu, Kitinda amemwotesha shangazi pembe za vidole. Picha ya kitambulisho aliondoka nayo. Iliyokaribia heshima ni ile niliyompiga mwenyewe siku ya safari: sare imenyooka, vifungo vinang'aa, halafu macho yote mawili yamekwenda kuisalimia pua, na ulimi nje.

"Usihangaike, mama," nikasema. "Mwanao ni fundi."

Nikakaa kwenye kompyuta. Sare, masikio na kofia vilikuwa vyake, hivyo sikuvigusa. Macho nikayatoa kwangu, maana watu husema tunafanana. Mdomo nikauazima kwa baba, kidevu kwa mjomba. Ukoo mzima ulichanga. Nikalainisha hapa, nikafuta kivuli pale, nikapata kijana mtanashati, wa kuozeshwa hata kesho. Nilijipongeza kwa sauti.

Mama akavaa miwani, akamtazama, akamtazama tena.

"Kijana mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Mama! Si Kitinda huyo?"

"Mdomo huu ni wa baba yako, nimebishana nao tangu nilipoolewa. Kidevu cha kaka yangu. Na macho ni yako wewe, hata hasira zako zimo humo."

Nikamwambia kama hataki basi, afisa atataka. Na kweli, kesho yake afisa alipoiona alifurahi, akaanza kuitafutia fremu.

"Subiri, mwanangu," mama akamwambia. "Huyo simjui. Mkimtundika huyo, nitakuwa nakuja hapa kumlilia mtoto wa watu."

"Mama, naelewa uchungu wako—"

"Hujauelewa bado." Akafungua mkoba, akaitoa ile ya ulimi nje, akaiweka mezani.

Afisa aliinama kuitazama. Akakaza midomo. Akakohoa. Akajifanya anatafuta kitu kwenye droo, na kumbe mabega yanamtikisika. Mwisho uzalendo ukamshinda, akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Alipojikusanya aliona haya.

"Nisamehe, mama. Lakini unaona mwenyewe. Watu watacheka."

"Wacheke. Ndiyo ilikuwa kazi yake kabla hamjampa bunduki."

Afisa akavaa tena miwani. Akaitazama picha yangu, akaitazama ya mama. Mimi nilikuwa tayari kugombana, maana kazi yangu ilinichukua siku nzima, lakini nami nikajikuta naitazama ya mama.

"Hakuna hata moja aliyotulia?" afisa akauliza taratibu.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu tulimlea nyuma ya kamera."

"Basi nitamweka pembeni, mwisho wa safu."

"Mweke katikati," mama akasema. "Pembeni hapamfai, atapachoka."

Akamweka katikati.

Siku ya ufunguzi watu waliingia kwa kunyata, wakisemezana kwa minong'ono. Safu baada ya safu ya vijana waliotulia, midomo imefungwa, hata ukapita bila kujua nani ni nani. Halafu ukifika katikati, unakutana na ndugu yangu. Nilisikia mtu akicheka, kisha mwingine. Nikageuka kwa hasira niwakaripie, nikakuta wanafuta macho.

Mama aliwapita wote. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe upo huku!" akasema, kwa sauti ya kuitia chakula. "Na mimi ninavyokutafuta!"

Akaanza kulia, yule mama ambaye hakulia kamanda alipokuja. Nikamletea kiti. Alikaa, akajipangusa, akaanza kumpa habari zote: paa linavuja, binamu yake amepata mapacha, dada yake bado ana hasira zilezile. Nami nilikuwa nimesimama hapohapo nasikia.

Mlinzi alipokuja na funguo, mama hakunyanyuka. Alimwomba asubiri kidogo, bado hajamaliza kumgombeza mwanawe.