Kosa au Pigo Safi

Mpira ulitoka mkononi mwa Nicholas ukielekea mbavuni mwa mpigaji, naye mpigaji akajivuta nyuma kujinusuru. Lakini kabla haujamfikia ukajipinda, ukashuka, ukapita juu ya kibao kilicholazwa ardhini mbele ya mdakaji na kutua ndani ya glavu yake kwa mlio mkavu. Mwamuzi akanyoosha mkono: amekosa mara tatu, atoke. Mpigaji akabaki kulitazama gongo lake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Ilikuwa Ijumaa ya Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, na vilima vya Bawshar vilikuwa bado havijaanza kurudisha joto la jua.

Chini ya turubai, Bi Mahfoudha aliandika alama moja kwa penseli wala hakupiga makofi. Hakuwahi kumpigia makofi mtu yeyote katika uwanja ule. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, mstaafu wa idara ya takwimu serikalini, mwanamke aliyezaliwa Unguja na kuletwa Maskati akiwa na miaka minane. Ujanani alipelekwa Marekani kusomea hesabu, akarudi na shahada na mapenzi ya besiboli, na katika nchi ya watu wa kandanda mapenzi hayo aliyaweka kifuani miaka thelathini. Ligi ndogo ya timu sita ilipoanzishwa Bawshar, alijitolea kuwa mwandishi wa michezo, mtunza hesabu ya kila mpira, kabla hajaombwa. Watu walimwamini kama wanavyoiamini mizani ya dukani: hakuna aliyeipenda, wala hakuna aliyebishana nayo.

Msimu ule warushaji wawili walitoka mbele ya wengine. Wa kwanza alikuwa Marwan, mhandisi, mrushaji wa timu ya Bawshar, mpwa wa Bi Mahfoudha. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, na shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Marwan alirusha kwa kasi na kwa raha, na nyuma yake walisimama walinzi waliochezea vyuo vya Amerika na Japani. Mpira uliopigwa haukuchukua muda kabla ya kuokotwa. Wa pili alikuwa Nicholas, Mkenya wa Meru, fundi wa viyoyozi, aliyejifunza mchezo kwenye kituo kimoja cha watoto huko kwao ambako wageni waliacha magongo na glavu. Yeye alirushia timu ya Mawaleh, timu ya madereva, wapishi wa hoteli na wauza vipuri, watu wenye moyo mkubwa na mikono inayovuja.

Kufikia Machi, Marwan alikuwa ameshinda michezo minane kati ya kumi. Nicholas alikuwa ameshinda minne. Lakini Nicholas alikuwa amewatoa wapigaji tisini na saba kwa kuwakosesha mara tatu, na Marwan sabini na mmoja. Hapo ndipo mabishano yalipozaliwa. Kwenye kundi la simu la ligi watu waliamka nayo na kulala nayo. Wengine walisema mrushaji hupimwa kwa ushindi. Wengine wakasema ushindi ni wa timu nzima, mrushaji apimwe kwa kile kinachotoka mkononi mwake tu.

Kwa Marwan tuzo ya mrushaji bora wa msimu ilikuwa heshima. Kwa Nicholas ilikuwa zaidi ya hapo. Shule moja ya kimataifa ilikuwa inatafuta mwalimu wa besiboli kwa watoto, naye alikuwa amepeleka maombi. Aliulizwa ana ushahidi gani wa uwezo wake. Alijibu kwamba tuzo itatangazwa mwishoni mwa Machi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na miaka sita alikuwa ameimalizia juu ya mapaa ya watu, kwenye jua ambalo chuma hakishikiki.

Kamati ya tuzo ilikuwa ya watu watatu: Safwan, mwenyekiti wa ligi, Aseel, daktari wa meno aliyekuwa mwamuzi mkuu, na Bi Mahfoudha. Kazi yake ilikuwa kuandaa hesabu ya kipimo ambacho Aseel alikiheshimu kuliko vyote, yaani wastani wa mikimbio, alama za wapinzani, ambayo mrushaji anabebeshwa yeye mwenyewe; aliye na kidogo ndiye bora. Kanuni yake ni nyepesi. Mpigaji akiupiga mpira vizuri akafika besi, kituo cha mkimbiaji, ni pigo safi, na mkimbio utakaofuata ni mzigo wa mrushaji. Lakini akifika kwa sababu mlinzi ameuachia mpira ambao angeupata, ni kosa la mlinzi, na mrushaji hana lawama. Nani anayeamua kama ni kosa au ni pigo safi? Mwandishi. Peke yake, kwa jicho lake, papo hapo.

Wastani wa Marwan ulitoka moja nukta nane. Wa Nicholas, mbili nukta sita. Basi hata kwa kipimo hicho Marwan alikuwa mbele, na mjadala ungeisha kabla kahawa haijapoa.

Bi Mahfoudha angelifunga daftari hapo. Lakini alikuwa na tabia ya kuchora pembeni mwa ukurasa njia ya kila mpira uliopigwa, mstari mwembamba kutoka kwenye kibao hadi ulipotua, na asubuhi ya siku ya kikao, akihakiki kwa mara ya mwisho, macho yake yaliangukia mistari miwili inayofanana kama mapacha. Mpira wa chini, si wa kasi sana, hatua mbili kushoto kwa mlinzi. Ule wa mchezo wa Marwan aliuandika: kosa. Ule wa mchezo wa Nicholas aliuandika: pigo safi.

Akatafuta mwingine. Akaupata. Akaendelea hadi adhuhuri, na alipomaliza alikuwa na mipira kumi na mmoja iliyomwangukia Nicholas na minne ya kasi ambayo hakuna mlinzi angeipata, lakini aliiandika kosa kwa walinzi wa Bawshar na kumpunguzia Marwan mzigo. Mmoja kati ya hiyo kumi na mmoja ulikuwa umerekodiwa kwa simu na shabiki. Akautazama. Fidel, mpishi aliyekuwa akilinda upande ule, alisimama wima, mikono kiunoni, mpira ukampitia karibu na kiatu. Hakuinama. Mlinzi yeyote wa Bawshar angeinama, na kama angeukosa, Bi Mahfoudha angemwandikia kosa bila kufikiri.

Kwa nini basi kwa Fidel hakuandika? Alikaa na swali hilo muda mrefu, chai ikiganda juu mbele yake. Angefarijika kama jibu lingekuwa damu. Upendeleo wa damu una jina, na mtu huweza kuutubia. Lakini hakukumbuka hata mara moja kuwaza juu ya mpwa wake alipokuwa akiandika. Alichokumbuka ni kingine. Alikumbuka kwamba mpira ulipoelekea kwa walinzi wa Bawshar alitarajia waupate, na ulipoelekea kwa wale wapishi na madereva hakutarajia chochote. Wasipoupata, hakuona kosa. Aliona hali ya dunia. Na hali hiyo ya dunia ndiyo aliyombebesha Nicholas, mkimbio baada ya mkimbio, kwa mwandiko mzuri.

Akafanya hesabu upya. Nicholas, moja nukta nne. Marwan, mbili nukta mbili.

Kamati ilikutana nyumbani kwa Safwan baada ya swala ya alasiri. Bi Mahfoudha aliweka karatasi mbili mezani na kueleza kila kitu kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka yote kusoma ripoti za idadi ya watu. Alipomaliza, Safwan alizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Bi Mahfoudha," alisema, "wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kanuni. Kilichoandikwa hubadilishwa ndani ya siku moja. Baada ya hapo khalas, kimekaa."

"Nnaijua kanuni. Siombi daftari libadilishwe. Nnaomba mjue mnapiga kura juu ya nini."

"Mimi nipo na ushindi tangu mwanzo," Safwan akasema. "Mchezo ni kushinda. Kijana wako ameshinda minane. Unataka nimnyang'anye kwa sababu shangazi yake ana dhamiri?"

Aseel alizisoma karatasi zote mbili, akazirudisha mezani zikiwa zimenyooka. "Wallahi nakuelewa," alisema hatimaye. "Lakini tukifungua daftari la mchezo mmoja, sharti tuyafungue yote. Warushaji kumi na wawili. Tutamaliza lini?"

Kura zikawa mbili kwa moja. Marwan akashinda.

Habari Maskati hazihitaji miguu. Kesho yake Marwan alifika nyumbani kwa shangazi yake, akasimama mlangoni, funguo za gari bado zikiwa mkononi.

"Shangazi, umewaambia watu tuzo yangu si yangu?"

"Nimewaambia vitabu vyangu si sawa."

"Ni maneno mawili tofauti hayo?"

"Nilidhani ni mawili," alijibu. "Kaa kwanza, mwanangu."

Hakukaa. "Nimeshinda michezo minane. Nimerusha na homa, nimerusha na bega limevimba. Sikukuomba uniandikie chochote."

"Hukuniomba. Lau ungeniomba ningekukatalia, na ningekuwa salama."

Marwan alimtazama kama anayemsikia mtu akizungumza ndani ya chumba kingine. Kisha akaondoka. Ijumaa nne zilipita bila yeye kuja kula chakula cha mchana, naye Bi Mahfoudha, ambaye hakupata mtoto wa kumzaa, alipika kiasi kile kile kila Ijumaa na kuwapelekea majirani kilichobaki.

Baada ya tuzo kutolewa, Bi Mahfoudha alikwenda Mawaleh. Nicholas aliishi na wenzake watano katika nyumba ya ghorofa moja. Alitoka akiwa bado na sare ya kazi, akamkaribisha kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta. Alimpa karatasi zile mbili na kumweleza. Nicholas alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mama, hii unanipea ya nini?"

"Ni haki yako kujua."

"Mimi nilijua." Sauti yake haikupanda. "Siku ile ya Fidel, nilikuangalia. Nikaona umeandika. Nikajiambia, huyu mama amesoma, huyu hawezi kukosea, basi mimi ndiye nilirusha vibaya. Wiki mzima nikabadilisha vile nashika mpira. Nikaharibu mchezo uliofuata."

Bi Mahfoudha alikumbuka mchezo ule. Aliuandika kwamba mrushaji amekosa udhibiti.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, Mama. Si ati nina hasira." Alizikunja karatasi mara moja, akazikunjua tena. "Lakini wewe umekuja, umesema, sasa kifua chako ni chepesi. Mimi nikiwa na hizi karatasi nazipeleka wapi? Shule waliniuliza kama nimepata tuzo. Nikasema sikupata. Wakasema sawa, tutakupigia. Hawajapiga."

Magari yalipita. Mtu ndani ya nyumba alikuwa anakaanga vitunguu.

"Nikiwaandikia wao?" Bi Mahfoudha aliuliza mwishowe.

Nicholas alifikiri. "Andika. Lakini usiandike ya kunihurumia. Andika tu vile mpira ulienda."

Barua ile ilimchukua siku tatu, yeye aliyezoea kuandika ripoti ya kurasa hamsini kwa wiki. Kila sentensi ilitaka kumtetea mtu, mara Nicholas, mara yeye mwenyewe, na kila mara aliifuta. Iliyobaki ilikuwa ukurasa mmoja: jinsi mpira wa Nicholas unavyojipinda hatua tatu kabla ya kibao, jinsi asivyomgeukia mlinzi wake kwa jicho baya anapouachia mpira, hesabu iliyoandikwa, hesabu iliyopaswa kuandikwa, na jina la aliyekosea.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa, na Marwan alikuja. Hakueleza kwa nini. Alivua viatu, akanawa, akakaa mahali pake pa siku zote, na shangazi yake akampakulia wali na samaki wa kuchoma bila kuuliza, kwa maana kuna milango ambayo ukiuliza imefunguliwaje hujifunga tena.

Simu ikalia kabla hawajamaliza. Ilikuwa Jumana, mkuu wa shule ile, mwanamke ambaye mama yake naye alitoka Unguja. Baada ya salamu za Kiarabu aliingia moja kwa moja kwenye Kiswahili. Aliomba radhi kwa kupiga siku ya mapumziko. Barua ilikuwa mezani pake tangu Jumatatu, alisema, na hakujua aifanyie nini.

"Bi Mahfoudha, niwie radhi nikikuuliza kitu. Aliyeandika hesabu zile za kwanza ni wewe. Na anayesema si sahihi ni wewe. Mimi nikuamini wapi?"

Miaka thelathini serikalini hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alihisi uzito wake ukishuka polepole, na akashangaa kwamba haukumwangusha.

"Usiniamini," alisema. "Mwite arushe mbele ya macho yako. Mimi nisiwepo."

Upande wa pili karatasi ilisikika ikigeuzwa.

"Anapata nafasi siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa ijayo, kwenye uwanja wa shule. Nitampigia mwenyewe."

Bi Mahfoudha aliiweka simu chini. Marwan alikuwa ameinamia sahani, akimchambua samaki mwiba baada ya mwiba, kwa uangalifu mkubwa kuliko samaki yule alivyohitaji.

"Watu wa shule?" aliuliza bila kuinua uso.

"Ndiyo. Wanataka kumwona akirusha."

Marwan alitafuna, akameza, akanywa maji. Nje, adhana ya alasiri ilianza katika msikiti mmoja na kudakwa na mwingine.

"Mrushaji hajaribiwi peke yake," alisema. "Akirushia hewa, mtu asiyejua mchezo ataona nini? Sharti awepo wa kusimama na gongo mbele yake. Tena awe mtu anayejua kupiga."

Shangazi yake alilisogeza bakuli la mchuzi karibu naye.

Marwan aliinuka kwenda kunawa mikono. Maji yalichuruzika muda mrefu. Kisha, akiwa bado amekipa chumba mgongo, akauliza hiyo Ijumaa ni saa ngapi.