Chandarua cha Mizinga

Fundi cherehani hakuhitaji kukikunjua kile chandarua ili akijue. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitia kiraka kwa kitambaa cha kaptura za shule. Aliyekileta alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mrina asali anayejulikana mtaa mzima kwa mizinga yake na kwa mdomo wake.

"Nishonee mifuko ya kuvalisha mizinga, shemeji," alisema, macho makavu. "Siafu wamenichosha."

Jamani, kuna watu na viatu! Chandarua hicho mrina alikuwa amekichomoa mwenyewe juu ya kitanda cha binti wa fundi, mama mtu akiwa ametoka kununua nyuzi. Binti alikuwa amerudi kwao kusubiri kujifungua mimba ya kwanza. Alipomzuia, akajibiwa kuwa nyumba ni ya ukoo, na mbu hawajawahi kumla mtu akaisha. Basi kikakaa stoo kwa mrina, huku binti analala wazi. Malaria ikamkamata, mimba ikatoka. Mtoto wa kiume, tayari ana kucha.

Na mrina alisemaje? Kudra ya Mungu! Tena akasema huku anakoroga chai. Fundi hakutaka fidia. Alitaka limtoke neno moja tu yule mzee: ni mimi. Alimfuata kwake, akamsemea kwa ndugu, na ndugu wakamtuliza yeye, utadhani yeye ndiye mkosaji. Binti naye akawa mtu wa kugeukia ukuta.

Sasa chandarua kilikuwa mikononi mwake. Nesi alishawaambia kliniki kwamba kimetiwa dawa, mdudu akikigusa anakufa. Na nyuki ni nini kama si mdudu? Mtu amefuga nyuki mpaka mvi, halafu hilo halijamjia kichwani! Kwake neti ni uzi na matundu basi.

Nyongo ilimpanda fundi, kisha ikatulia kabisa. Sentensi moja tu ya kumwonya ingemwokoa mrina. Fundi akachukua futi.

"Mlangoni pa mzinga nifanyeje?"

"Acha tundu dogo, nyuki wapite."

Akaliacha dogo kweli. Akakunja pindo mara mbili likabana, ili kila nyuki anayeingia na anayetoka ajipanguse vizuri. Alishona taratibu, kama anayeshona gauni la harusi.

"Mikono yako haina mfano, shemeji," mrina akasifu.

"Hujaiona kazi yake bado," fundi akasema, na mrina akacheka.

Wiki haikuisha. Mrina alikuja mbio na beseni kifuani, limejaa nyuki waliokufa. Wateja waliokuwa wakisubiri sare za watoto wakampisha.

"Wote!" alilia. "Hata majana, vitoto vyao, vimekufa ndani ya masega kwa kukosa wa kuvilisha! Nesi ananiambia leo eti neti ile ina dawa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Umeniulia nyuki wangu!"

"Ndiyo," alisema fundi, na roho ilimsuuzika mpaka akajiogopa. "Ni mimi. Nimewaua kwa mikono hii, nikijua. Umeona? Neno lenyewe halikati ulimi. Haya, zamu yako."

Mrina akawatazama wateja, akatazama beseni. Hakuna aliyemsaidia. Pazia la chumba cha ndani likasogea, binti akatoka na kusimama kando ya cherehani.

"Ni mimi," mrina akanong'ona.

"Sijasikia, baba mkubwa," binti akasema.

"Ni mimi!"

Wateja wa nje ya mlango nao walisikia. Fundi alidhani hapo yameisha, akashusha pumzi. Lakini binti alivuta kigoda akaketi mbele ya yule mzee, uso kwa uso.

"Nimesikia ni wewe," akasema. "Sasa niambie umefanya nini."