Neno la Kumi na Tatu

Katika chumba kile cha juu ya duka la mabomba na misumari, watu hawakuwa wakisalimiana, walikuwa wakichokozana. Ukiingia na kompyuta mpya, utaulizwa umeiokota jalala gani. Ukiingia na wazo jipya, ndiyo umejichongea. Mteja mgeni akipanda ngazi na kusikia sauti zao, angedhani pana ugomvi wa mirathi, kumbe watu wanabishana kuhusu betri.

Mkubwa wao alikuwa Injinia. Uinjinia wenyewe aliusoma mwaka mmoja, akagombana na mhadhiri, akaondoka, ila jina likabaki na yeye hakulikataa. Meza ya dirishani ilikuwa ya mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, fundi wa bodi za kompyuta. Walimbandika Koleo kwa sababu ulimi wake ukikubana haukuachii hadi ukiri. Karibu na mlango alikaa Chaja, fundi simu. Na kila alasiri alikuja Mwalimu wa hesabu kutoka shule ya jirani, mtu asiye na meza wala kazi pale, aliyekuja kunywa chai yao na kuwapinga.

Alhamisi ile Mwalimu alikuwa ameamka na sarafu za kidijitali.

"Mashine dunia nzima zinakesha zikibahatisha namba," alisema huku akitafuta kikombe kisafi na kukikosa. "Mwanafunzi wangu akibahatisha namba namchapa sifuri. Nyinyi mnaita teknolojia."

"Ndiyo maana mwanafunzi wako hajawahi kulinda chochote," Injinia alijibu bila kugeuka. "Kubahatisha kunagharimu umeme, na hiyo gharama ndiyo ukuta. Mwizi akitaka kuandika miamala ya uongo, inabidi achome umeme mwingi kuliko wakweli wote wakijumlishwa. Nenda kafundishe hilo, labda watoto wataacha kulala darasani."

"Ukuta gani huo," Chaja akadakia, "na watu wanaibiwa kila siku?"

"Wanaibiwa kwa sababu wanauza simu na pochi yao ikiwa ndani."

Mwalimu akacheka hadi chai ikamwagika. Chaja hakucheka. Alirudisha macho kwenye kioo alichokuwa anabandika, na mishipa ya shingo ikamsimama kwa hasira asiyoweza kuitumia.

Kijembe kilikuwa chake, na hadithi yenyewe ilikuwa ya kweli. Hao watatu, Injinia, Koleo na Chaja, walikuwa na hazina yao ya pamoja, pochi ya sarafu waliyokuwa wakiilisha kidogo kidogo kutoka kila kazi waliyoifanya. Ilikuwa na funguo tatu, na zozote mbili zikisaini, mlango unafunguka. Kisha Chaja akauza simu yake ya zamani bila kuhamisha ufunguo. Hakuna aliyepata hasara, kwa sababu ndugu wawili walisaini wakahamishia mali kwenye hazina mpya. Lakini Injinia alilitafuna jambo lile kama muwa. Akamchora Chaja kwenye ubao wa matangazo akiwa amebeba simu kwenye sinia, anauza kama karanga. Na hazina mpya ilipotengenezwa, alishikilia iwe na funguo mbili tu, wake na wa Koleo, na zote mbili lazima zisaini. Chaja, alisema, asipewe tena hata ufunguo wa choo.

Koleo alimpinga siku ile, tena mbele ya wateja. Alisema funguo mbili kati ya mbili ni ujinga, kwamba mmoja akianguka wote wameanguka. Injinia akasema asiyeweza kutunza ufunguo asiguse sarafu. Yalikuwa maneno mazuri sana, akayarudia kwa wiki nzima.

Nyani haoni kundule. Injinia mwenyewe, aliyekuwa hakimu wa wapoteza funguo wote, alikuwa hawezi kusaini.

Ufunguo wa pochi kama ile ni maneno kumi na mawili, na yake alikuwa nayo kichwani, hayajatikisika. Shida ilikuwa la kumi na tatu. Wajuzi huongeza neno lao la siri juu ya yale kumi na mawili, ili hata mtu akiyaiba yasimsaidie. Injinia aliliongeza peke yake, kimya kimya, na kwa maringo yake hakuliandika popote. Tena halikuwa neno hasa. Lilikuwa sentensi nzima, aliyoipiga kwa haraka akiwa na hasira, herufi kubwa na ndogo zikichanganyika. Kisha mwaka ukapita bila kuihitaji, maana kupokea sarafu hakutaki ufunguo. Kutoa ndiko kunakotaka. Siku alipoitafuta, alikuta kumebaki maana tu, mpangilio umekwenda.

Na pochi za aina ile hazina huruma ya kumwambia mtu amekosea. Ukiandika sentensi isiyo sahihi, hufukuzwi. Unafunguliwa pochi nyingine, nzima kabisa, tupu. Injinia alikuwa amefungua pochi tupu nyingi kuliko mtu yeyote aliyepata kukanyaga chumba kile. Aliandika hata programu ya kumbahatishia, lakini sentensi si kama neno, na programu ilikuwa ikisaga hewa.

Ndiyo maana moyo wake uliruka pale Koleo alipoweka chini chuma chake cha kulehemu na kusema, "Kaka, tusaini leo."

"Tusaini nini?"

"Unajua nini. Fungu langu, ninalokuomba mwezi mzima. Mwenye chumba cha mkabala ananingoja hadi Jumamosi. Baada ya hapo anampa muuza mapazia."

Kila mtu alikijua chumba kile. Kilikuwa na dirisha la barabarani na umeme wake wenyewe, na Koleo alikuwa amekipima kwa hatua mara mbili, akaamua meza itakaa wapi. Alitaka kufanya kazi mahali ambapo kaka yake hatakuwepo. Hakulificha hilo, alimwambia kila aliyeuliza.

"Ada za mtandao ziko juu," Injinia alisema. "Ngoja zishuke."

Mwalimu, msumbufu wa kuzaliwa, akatoa simu. "Ziko chini kabisa leo. Sijaziona chini namna hii tangu nianze kuwacheka."

"Basi programu ya kusaini ina kasoro. Wametangaza."

"Walishairekebisha," Koleo alisema. "Nimeisakinisha kwako mwenyewe, jana, ulipokwenda kula. Muamala uko tayari, saini yangu imo. Imebaki yako."

Injinia akazungusha kiti. Akimbie wapi tena? Akashika njia ya mwisho, ile ya watu wanaoonekana wana msimamo. "Sisaini," alisema. "Hazina ya kikundi haivunjwi kwa ajili ya mtu mmoja aliyechoka na wenzake. Nilisema tangu mwanzo, hii ni akiba ya muda mrefu. Ukitaka kuhama, hama. Sarafu zinabaki."

Alimtazama dada yake usoni alipokuwa akisema hivyo, akaona chuki inavyoingia. Akaipokea. Heri aitwe katili, aliwaza, kuliko kuchorwa kwenye ubao na sinia la karanga.

"Hata fungu langu mwenyewe?" Koleo aliuliza.

"Hata lako."

"Wewe ni mtu mbaya," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei. "Nilikuwa nawaambia watu una mdomo tu, ndani huna neno. Nilikuwa nakutetea. Kumbe ndani ndiko kubaya zaidi. Mama akiuliza kwa nini siji tena nyumbani siku unazokuwepo, nitamwambia mwenyewe, usijisumbue."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Ubishi alikuwa anaupenda, lakini huu haukuwa ubishi tena.

Chaja alikuwa bado ameinamia kioo chake. Alizungumza bila kunyanyua kichwa. "Usisaini muamala, bosi. Sawa. Una msimamo wako, tunauheshimu. Saini maneno matupu."

"Maneno gani?"

"Yoyote. Andika 'mimi ni Injinia', saini kwa ufunguo wako wa hazina. Haihamishi hata punje. Upande wa wazi wa ufunguo wako, ule wa kukagua tu usiofungua kitu, sote tunao, tutakagua, tutaona ni wewe. Kisha kaa na msimamo wako hadi uote mvi." Sasa akanyanyua kichwa. "Ulitufundisha wewe. Ulisema asiyeweza kusaini hana, anajidai tu."

Feni ilizunguka. Chini, dukani, mtu alikuwa akimwaga misumari kwenye mizani. Injinia aliisukuma kibodi yake mbali.

"Sina sababu ya kujithibitisha kwenu," alisema.

"Dakika moja tu, bosi."

"Nimesema sina sababu."

"Kaka," Koleo aliita. Sauti ilikuwa imebadilika. "Huna?"

Alijaribu kukasirika, ikamshinda. "Nimesahau," alisema. "Nimesahau, basi. Nichoreni. Huyo hapo Chaja, mpeni chaki."

Alikingoja kicheko. Alikuwa amekiogopa mwezi mzima, akakiandalia hata matusi ya kukijibu. Hakikuja. Chaja alikuwa anamwangalia kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa. Na Koleo, ajabu, alikuwa anavuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndiyo hayo tu?" alisema. Akasogeza kiti, karibu kucheka. "Mwezi mzima unanifanya nikuchukie, kumbe umesahau maneno? Si ninayo mimi. Ulinipa ulipolazwa, enzi za hazina ya kwanza, umesahau na hilo? Ulinikaririsha kitandani kwako, ukasema ukifa sarafu zisipotelee mtandaoni. Kumi na mawili yote ninayo. Ningeweza kukusainia siku yoyote nikitaka, ila ni ufunguo wako, singeugusa bila ruhusa." Tayari alikuwa ameivuta kibodi. "Nipe ruhusa. Tunamaliza sasa hivi."

Hapo ndipo Injinia alipotamani kicheko. Kicheko angekimudu.

"Hayatoshi," alisema. "Kuna la kumi na tatu."

Vidole vya Koleo vikasimama. Hakuhitaji kuelezwa, alikuwa fundi. "Uliliongeza lini?"

"Tulipohamisha hazina."

"Yale kumi na mawili tulikuwa tunayajua watu wawili dunia nzima. Mimi na wewe." Alisema polepole, akijihakikishia hesabu. "Sasa hilo la kumi na tatu lilikuwa la kumzuia nani?"

Injinia alikuwa na jibu. Ni utaratibu wa kawaida wa usalama, unapendekezwa na wataalamu wote, angeweza kuueleza hadi jua lizame. Mwalimu alikuwa akitazama sakafu. Chaja alishika kioo chake mkononi bila kufanya nacho kitu.

"Linasema nini?" Koleo aliuliza.

"Nimekwambia nimesahau."

"Umesahau herufi. Maana hujaisahau, nakuona usoni. Ni sentensi, siyo? Inamhusu nani?"

"Nilikuwa na hasira. Ulikuwa umenipinga mbele ya wateja."

"Inamhusu nani, kaka?"

"Wewe," alisema.

Machozi yalimjaa Koleo akayaacha yajae, hakuyafuta wala hakuyaruhusu kushuka. Kisha akafungua ukurasa mweupe kwenye skrini, akapiga maneno kumi na mawili bila kusita hata mahali pamoja, akaiacha alama ya kuandikia ikipepesa mwishoni.

"Jumamosi bado," alisema, bila kumtazama. "Haya, nitukane. Taratibu, kama ulivyonitukana siku ile. Mimi naandika."