Siku za Mzee Shija

Duka la intaneti lilipofunguliwa Bariadi, kazi ya Klementina ilikuwa kumsaidia mteja achague kadi: ya saa moja, ya wiki, au ya miezi mitatu. Mzee Shija wa Mwamapalala alitaka tu kujua kama mwanawe Boniventura, aliyekimbilia Botswana kwa hasira, ameandika. Ya wiki ingemtosha. Klementina akampa ya miezi mitatu, maana ndiyo aliyoitaka tajiri wake, mwenye duka, itoke. Wiki ya tatu mzee akafariki.

Tangu hapo, kila siku ya mnada, mjane wake Nyanjige alikuja na kadi ile, akakaa kiti cha mumewe, akakitazama kioo cheusi cha kompyuta. Alisema siku alizonunua marehemu hawezi kuziacha zipotee. Wateja walikikwepa kiti kile. Klementina naye, mtoto mgongoni, mara mbili alisikia mzee akikohoa. Alipogeuka, alikuwepo mjane peke yake.

Leo kadi ilikuwa imeisha. Nyanjige akaweka mezani hela ya mbuzi, akauliza sasa achukue ipi.

Klementina alishindwa kumwangalia. Akakiri kwamba bila neno la siri barua hazifunguki, hata mtu akae mwaka mzima. Alilijua hilo siku zote, akaona aibu kusema.

Mjane hakukasirika. Neno analijua, alisema. Mumewe alimwambia huku akicheka kwamba ameweka jina ambalo mkewe hataweza kulitoa kwa mtu: la baba mkwe.

“Kwetu mke hataji jina la baba mkwe. Mdomo wangu haulitaji, mwanangu.”

“Basi, mayu, mama yangu, nitataja mimi.”

Akaanza na majina ya wazee wa kule. Akataja Mayala. Akataja Masalu, Mhoja, Marcelo. Alipofika kwa Ngusa, mjane akainamisha kichwa.

Klementina akaliandika, barua zikafunguka. Zilikuwa tatu. Ya mwisho ilikuwa ya juzi: Boniventura alisema kimya cha baba amekielewa, na asipojibiwa hadi Jumapili hataandika tena.

“Chukua ya saa moja, mayu,” Klementina alisema. “Inatosha. Nimwambie kwamba mzee hayupo?”

Nyanjige akatikisa kichwa.

“Mwambie baba yake alikuwa anakuja hapa kumtafuta. Hilo lingine nitamwambia mwenyewe, akifika nyumbani.”

Klementina akaandika hivyohivyo. Mwishoni akauliza aweke jina la nani.

“Weka langu,” mjane akasema.