Ukaguzi wa Macho

Fundi mkuu alikuwa amechomeka kichwa ndani ya injini ya ile ndege ndogo, akiupapasa mpira wa mafuta kwa ukucha wa kidole gumba. Tochi iliwaka mkono wa kushoto. Aliiwasha kwa ajili ya watu. Kwake yeye mwanga ule ulikuwa ukungu tu, kama mvuke wa sufuria, na ndani ya ukungu huo mpira, waya na chuma vilikuwa kitu kimoja.

Ukucha ukakwama. Akaurudisha nyuma, akaupitisha tena. Ukakwama palepale. Huenda ni ufa. Huenda ni uchafu ulioganda. Mwenye macho angejua kwa kutupa jicho mara moja.

Zamani asingejiuliza. Kitabu cha kiwanda kiliupa kila mpira umri wake, na umri ukifika mpira ulitolewa, uwe mzima, uwe mbovu. Bosi huyu alipoinunua kampuni, alisema huko ni kuzika watu walio hai. Tangu hapo mipira ikawa inaangaliwa tu. Usio na ufa unaendelea na kazi. Fundi hakubisha. Ukaguzi wa macho ni kazi halali, macho yakiwepo.

Mtoto wa jicho alianza jicho la kulia, kisha akahamia la pili. Aliyejua ni mkwe wake peke yake, mjane wa mwanawe, aliyekuwa akimwekea kijiko mkononi wakati wa kula bila kusema neno. Nyumba waliyokaa na wajukuu ilikuwa ya kampuni. Kazi ikienda, na nyumba inaifuata.

Akashuka ngazi, akamwendea bosi mlangoni mwa karakana. Akamweleza kwamba mpira ule umepita umri wake, na kwamba leo afadhali wafuate kitabu, wautoe tu. Bosi akamuuliza kama ameona ufa. Fundi akajibu kwamba hana hakika.

"Kama huna hakika, basi ni mzima." Bosi alicheka kidogo. "Tufuate kitabu, mzee wangu? Haya. Kitabu kinasema mtu wa umri wako awe nyumbani anabembeleza wajukuu. Mimi nikasema hapana, huyu bado ana nguvu, abaki. Sasa chagua. Kama ni kalenda, inawahusu nyote wawili, wewe na mpira wako."

Fundi akalitoa neno ambalo hakuwahi kumwambia hata daktari.

"Bosi, mimi sioni."

"Najua."

Fundi akaizima tochi.

"Najua siku nyingi. Yule mwenzako mwenye macho makali, kila nikigeuka ananionyesha ufa. Yuko wapi leo?" Akamshika bega kwa upole, kama mtu amshikavyo baba yake mzazi. "Wewe ndiye fundi ninayemtaka. Tia sahihi, abiria wanaungua na jua."

Akamtia kalamu vidoleni, akauongoza mkono mpaka kwenye mstari wa fomu ya ukaguzi.

Abiria wakapita, mmoja akikohoa, mtoto akimuuliza mama yake kama ndege nayo hula. Nyuma yao akaja rubani, kijana aliyezoea kumtania kwamba asithubutu kufa kabla hajamwozesha. Leo hakutania. Aliuliza lile aulizalo kila safari.

"Umeikagua mwenyewe, babu?"

Fundi alimsikia bosi akipumua ubavuni pake. Akawaona wajukuu wamekalia magodoro nje, mlango umetiwa kufuli ya watu wengine. Hilo aliliona vizuri kabisa.

"Nimeikagua, mjukuu wangu."

"Basi mimi sina wasiwasi."

Injini ikanguruma, ndege ikasogea, mlio ukaanza kwenda mbali. Fundi akageuza uso kuufuata, akakosea upande. Bosi akamshika mabega, akamgeuza taratibu, kisha akamnyanyua mkono kwa kiwiko mpaka ukawa juu ya kichwa.

"Wapungie, mzee," akamwambia. "Wanakuaga."