Bwana Nimejaa

Kuanzia machimbo ya Kyerwa hadi mtoni Kyaka, hapakuwa na mtu aliyemwita Placidius kwa jina lake la ubatizo. Walimwita Bwana Nimejaa. Watoto wa Kimuli walilisikia lori lake likikohoa kilimani kabla halijaonekana, wakawaacha mbuzi, wakajipanga ukingoni mwa barabara na kuinua mikono kana kwamba wanaomba kupanda. Alipowakaribia walijijibu wenyewe kwa sauti nzito za kiume, "Nimejaa! Nimejaa!" kisha wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jina hilo halikuzuka bure. Lori lile lilibeba mchanga mweusi wa madini ya bati uliochimbwa Kyerwa, ukapelekwa Bukoba kupakiwa melini. Mchanga huo ni mzito kuliko macho yanavyoweza kukisia. Ulishonewa katika vigunia vidogo, kila kimoja kama mto wa kulalia, na vigunia sitini vilitosha kuzilemea springi za lori zima. Vililazwa sakafuni safu moja tu, basi. Msafiri aliyesimama njiani aliona lori tupu lenye kitu kidogo chini, akainua mkono. Placidius alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akasema kwa upole, "Samahani, ndugu yangu, nimejaa." Msafiri alilitazama lori, akamtazama yeye, asijue acheke au atukane.

Bwana wa machimbo alikuwa amekataza abiria. Hata utingo hakumpa. Aliamini kwamba watu wawili garini watapatana kuuza gunia, lakini mtu mmoja ataogopa kivuli chake. Kwa hiyo Placidius, mtu wa Muleba mwenye miaka thelathini na mmoja, alisafiri peke yake siku tatu kwenda na siku tatu kurudi, mvua na jua. Alijifunza kusema na injini. "Haya, mama, kilima hiki kimoja tu," aliibembeleza. Jioni alisimama kando ya barabara, akawasha moto, akamenya ndizi. Mara nyingi alipotazama sufuria alikuta amemenya za watu wawili.

Mtu mmoja tu katika njia ile yote alimwita kwa jina lake. Alikuwa Joviana, binti wa Mzee Projest wa Kimuli. Walikutana kijitoni, Placidius alipokwenda kuchota maji ya rejeta na debe lake likavuja lote njiani.

"Gari lako linakunywa kuliko ng'ombe wa baba," Joviana alimwambia, akampa kibuyu chake.

"Ng'ombe wa baba yako hawapandi vilima nilivyopanda."

"Wala hawapiti watu njiani wakijifanya vipofu," alijibu, lakini alikuwa anatabasamu, na kibuyu hakukidai siku ile.

Miezi minane baadaye, mwaka wa pili tangu Vita Kuu kwisha, Placidius alimtuma mshenga. Huyo alikuwa Gaudiosus, fundi cherehani wa Kayanga, mtu wa maneno mengi. Siku ya kwenda kujitambulisha, Gaudiosus alifika kwa Projest akiwa ametapakaa tope mpaka masikioni.

"Mniwie radhi, waitu, wakubwa wangu," alisema huku akikung'uta suruali. "Mshenga nimekuja kwa baiskeli. Bwana arusi amekuja na lori tupu."

Hakuna aliyecheka. Wageni walikaribishwa viti, wakaulizwa habari za njiani, lakini kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho hata mpita njia hupewa, hakikuletwa. Placidius alikiona chumbani, juu ya rafu, kimefunikwa. Akaelewa kwamba hawakutakiwa.

Gaudiosus alieleza yote ya kueleza. Projest alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeongea vizuri, fundi. Ila mgeni wako namfahamu. Ni Bwana Nimejaa."

"Hilo ni jina la utani tu, mzee wangu."

"Dada yangu hakutaniwa," Projest alisema.

Akasimulia. Wakati wa masika yaliyopita dada yake Stephania, mjane aliyerudi kuishi naye, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mke wa Projest alimshika kiuno wakaenda barabarani kutafuta njia ya kufika hospitali ya misheni. Lori la bati likaja. Dereva akachungulia, akasema neno lake, akapita. Wanawake wakatembea. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi, akalia mara mbili, basi.

Placidius aliikumbuka siku hiyo. Aliwakumbuka wanawake wawili, mmoja ameegemea fimbo. Alikuwa ameona vizuri kabisa kwamba yule wa fimbo alikuwa mjamzito.

"Shikamoo yako sikuikataa," Projest aliendelea, "kwa kuwa umekuja kwangu. Ila siwezi kumtoa mtoto kwa mtu anayeendesha hewa akaacha watu matopeni."

"Si hewa, mzee!" Placidius alisimama. Miaka miwili ya kuzomewa ilimtosha. "Njoo uone. Njoo uinue mwenyewe."

Vigunia vilifungwa midomo kwa waya na muhuri wa risasi, na ilikuwa marufuku mtu mwingine kuvigusa. Siku hiyo hakujali. Alifungua ubao wa nyuma, akakivuta kimoja hadi ukingoni.

"Kimto hiki?" Projest alisema. Akakikamata kwa mkono mmoja. Hakikusogea. Akatia mikono miwili, akapanua miguu, akakiinua shubiri moja, akakiachia kwa kishindo. Aliangalia viganja vyake.

"Si nilisema!" Gaudiosus alipiga makofi. "Mnamwonea bure mtoto wa watu!"

Placidius alihisi mwili umekuwa mwepesi. Hatimaye kuna mtu aliyejua.

"Viko vingapi?" Projest aliuliza.

"Sitini, mzee."

"Na lori linapanda navyo vilima hivi mpaka Bukoba?"

"Linapanda."

"Basi nieleze, mwanangu. Lori lenye nguvu ya kubeba sitini za hivi, lilishindwa na mwanamke mmoja?"

Gaudiosus aliacha kupiga makofi.

Stephania alikuwa ametoka katikati ya mibuni bila wao kumwona, mikono yake imejaa rangi ya matunda mabivu ya kahawa. Alikuja mpaka kwenye lori, akakikumbatia kile kigunia kama mtu anayejaribu uzito wa mtoto. Hakukiinua. Aliegemeza kifua tu.

"Kumbe ndicho kilichopanda," alisema, "mimi nikabaki."

Placidius alikuwa na maneno tayari: springi, madaraja ya magogo, amri ya bwana wa machimbo. Yalipotoka hayakuwa yale aliyoyaandaa.

"Nafasi ilikuwepo, dada. Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Ungelisema hivyo siku ile ningelikuita mwoga, yakaisha," Stephania alijibu. "Wewe ulisema umejaa. Mimi naona lori tupu, unaniambia limejaa. Nikatembea nikidhani uchungu umenitia wazimu, macho yangu hayaoni tena sawasawa. Hilo ndilo sijalisahau."

Projest alifunga ubao wa lori mwenyewe. "Jibu la kumwoza Joviana si langu tena," alisema. "Ni la dada yangu."

Wiki tatu Placidius alipita Kimuli bila kusimama kijitoni. Aliona aibu. Watoto walipopiga kelele aliwapungia mkono, nao wakanyamaza, kwa kuwa utani wao ulikosa ladha. Katika safari hizo aliona jinsi watu wazima walivyoacha hata kumwinulia mkono. Waliposikia lori walisogea pembeni, wakageuza nyuso zao kukwepa vumbi, kama watu wanavyompisha ng'ombe.

Safari ya nne alimkuta Stephania peke yake, amebeba kikapu cha maharage kichwani, saa mbili za kutembea kabla ya Kayanga. Alisimamisha lori, akafungua mlango wa pili.

"Shikamoo, dada. Panda, tafadhali."

"Marahaba. Pita tu."

"Nafasi ipo."

"Najua ipo. Ilikuwepo siku zote."

Aliendelea kutembea. Placidius akatia gia ya kwanza, akaenda naye sambamba, taratibu, mlango uko wazi unabembea. Injini ilianza kuchemka. Mvuke ukatoka, ukamfunika Stephania, akakohoa.

"Unataka kunipika?" alisema kwa ukali. Halafu akasimama. Akatua kikapu, akakiweka juu ya kiti. "Haya. Peleka hiki. Nisubiri sokoni."

"Na wewe?"

"Mimi nina miguu."

Mlango ukafungwa. Placidius akaenda Kayanga na kikapu cha maharage pembeni yake, akikishika kwa mkono mmoja barabara ilipokuwa na mashimo.

Pale Kayanga karani wa machimbo, Elpidius, ndiye aliyekagua mihuri ya vigunia. Alizunguka lori, akachungulia ndani.

"Hiki cha nani?"

"Cha abiria wangu."

"Abiria yuko wapi?"

"Anakuja kwa miguu."

Elpidius alifikiri ni mzaha, akasubiri Placidius acheke. "Nitaandika, Placidius. Unajua nitaandika. Sema ni maharage yako mwenyewe, yaishe."

Lilikuwa neno jepesi kulisema. Placidius alilihisi mdomoni, laini, kama lile neno lake la zamani.

"Andika," alisema.

Alikaa sokoni, saa moja, saa mbili. Wachuuzi walimtania kwamba leo bati limeota maharage. Hakuna aliyeketi karibu naye. Stephania alipotokea, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, karani alikuwa amekwenda na karatasi yake, na habari ya abiria asiyepanda ilikuwa imeenea soko zima. Aliisikia kwa muuza chumvi kabla ya kufika kwenye lori.

Alikagua maharage yake, akachota kiganja kimoja, akayarudisha.

"Watakufukuza?"

"Huenda. Nitajua nikirudi Kyerwa."

Stephania alijitwika kikapu, akakiweka sawa kichwani.

"Nimekupa kikapu," alisema. "Sijakupa Joviana."

"Nimesikia, dada."

"Kama hawajakufukuza, safari ijayo nitakaa mimi hapo. Kama wamekufukuza, njoo nyumbani kwa miguu. Kaka yangu atakusikiliza vizuri zaidi ukija kwa miguu."

Akaondoka kati ya watu, kikapu kikionekana juu ya vichwa vyao, kisha hakikuonekana. Placidius alisimama mpaka akahakikisha kweli amekwenda. Mbele yake kulikuwa na Kihanga, kisha mto, kisha siku nzima na nusu ya barabara isiyo na mtu wa kusema naye. Alipanda, akawasha injini, na kwa mara ya kwanza hakuiambia neno lolote.